Nsansa za Mama Yake

Rafiki yangu alikuwa ametundika mwiko ukutani. Nasema mwiko, huu huu wa kusongea ugali, ameugongomelea msumari sebuleni katikati ya picha mbili, eti ni urembo. Nilifika kwake Ijumaa jioni, nikautazama ule mwiko, nikajua nina kazi.

Tulikulia naye mtaa mmoja hapa Bariadi, tukachota maji kisima kimoja, tukachuma pamba shamba moja. Yeye akaolewa na Mjerumani aliyekuja kuchimba visima, wakaenda zao Ujerumani. Mimi nilibaki, na biashara ya pamba ilipofunguliwa nikapata kazi kwa mnunuzi binafsi, mmoja wa wale waliomiminika enzi za ruksa kila mtu na mizani yake. Tajiri wangu huyo ndiye aliyenipeleka Ujerumani kwenye kozi fupi ya madaraja ya pamba. Kutoka chuoni hadi kwa rafiki yangu ilikuwa safari ya treni tu.

Kabla sijaondoka, mama yake alikuja kwangu ameshikwa mkono na jirani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Alinipa furushi la nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa juani, ya kupika na karanga.

"Mwambie aje nimwone wakati bado naona hata kidogo," akasema. "Lakini usimtwishe mlangoni. Pikeni, mle. Akishashiba atakuuliza habari za nyumbani. Hapo ndipo umwambie."

Ndivyo tulivyolelewa. Mwenyeji hamhoji mgeni mwenye njaa, na mgeni hamwagi habari kabla hajaulizwa. Nikasema sawa, mayu, mama yangu, nimesikia.

Basi nikasubiri kuulizwa. Ijumaa alinilisha mkate wa baridi na jibini, akanieleza habari za mashine yake ya kuoshea vyombo. Jumamosi akanieleza habari za bustani, habari za mtoto anayejifunza kinanda, habari za Hispania wanakokwenda kila kiangazi kulala mchangani. Kulala mchangani! Kwetu mtu mzima akilala mchangani tunajua amelewa. Nikajaribu kumsogeza. Nikasema kwetu mwaka huu mvua zimesumbua, akadakia kwamba hata wao mvua zimewasumbua, zimewaharibia maua. Maua, jamani!

Jumapili mumewe na mtoto wakatoka na baiskeli. Nikaleta furushi jikoni, nikaliweka mezani, nikamwambia zimetoka kwenu, leo tunapika sisi.

Unga aliokuwa nao ulikuwa ule wa njano wa Kiitaliano, ndugu wa ule wa msaada tuliokuwa tunaupangia foleni zamani na kuula huku tukiulaani. Akautia kwenye mizani. Mimi mizani ndiyo kazi yangu, lakini ugali wa kupimwa sikuwahi kuuona.

"Na maji utayapima kwa rula?" nikamuuliza.

Hakucheka. Akaanza kusonga kwa kijiko cha mbao chenye shingo nyembamba, kikawa kinapinda, madonge yanamkimbia huku na huku. Nikavumilia, nikashindwa. Nikaenda sebuleni, nikang'oa mwiko.

"Wee! Huo ni urembo!"

"Urembo wake uko sufuriani. Pisha."

Nikasonga mimi. Yeye akafungua furushi, akamwaga nsansa kwenye sinia jeupe, akaanza kuchambua. Nikamcheka moyoni: tazama mzungu wetu anavyoogopa uchafu. Akatoa jani la kwekwe. Akatoa jingine. Akatoa kijiti, akatoa unyoya wa kuku. Mikono yake ikasimama.

"Nani alichuma hizi?"

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama yako. Unao wangapi?"

Akainamia sinia. Mama yake ndiye aliyekuwa akitufinya masikio kwa jani moja tu la kwekwe kwenye kapu la kunde, na mtaa mzima ulimjua kwa hilo.

"Haoni," akasema. Hakuwa anauliza.

"Anaona mwanga. Anataka uende akuone kabla huo nao haujazimika."

Akalia. Siwezi kumsingizia, alilia kweli, kamasi na machozi, akifuta kwa mkono kama tulivyokuwa watoto. Nikamhurumia. Tukapika huku akivuta pua: yeye akasaga karanga, mimi nikachemsha majani. Tukala kwa mkono, tumesimama hapo hapo jikoni, tunamega kutoka sufuria moja. Alikula mpaka akakwangua. Akaniuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine, za nyumba, za ng'ombe, za nani anamtekea mama maji, na mimi nikamjibu zote. Nikajisemea, huyu anakuja. Nilikuwa na furaha, Mungu ananiona.

Akanawa mikono, akapenga kamasi, akatazama dirishani.

"Mwezi wa saba haiwezekani, tuna Hispania, tumeshalipia," akasema. "Mwezi wa kumi na mbili wakwe wanakuja. Lakini usijali, nitampelekea miwani. Huku kuna miwani nzuri mno, we hujui."

Miwani! Kwa mtoto wa jicho! Nyoo!

"Mnunulie na gazeti, asome," nikamwambia.

Akanijibu kwa upole kabisa kwamba anaona nimechoka na safari. Ule upole ndio ulionikera kuliko yote.

Miwani niliibeba mimi. Fremu ya rangi ya dhahabu, kasha lake laini ndani kama shavu la mtoto. Mama akaivaa siku ile ile niliyofika, majirani wakaja kuitazama, wakamsifu mwanawe kwamba hakusahau kwao. Mama anatabasamu, anageuza uso kila upande inakotoka sauti. Mimi nimekaa nimefura, nikifungua mdomo nitatukana watu bure.

Walipoondoka, akaivua, akaifuta kwa ncha ya khanga.

"Anakuja lini?"

"Hakusema, mayu."

Akairudisha kwenye kasha, halafu akavuta kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Basi niambie yukoje."

Nikamwambia. Kwamba amenenepa kidogo, imempendeza. Kwamba nywele amekata fupi. Kwamba akicheka bado anaziba mdomo kwa kiganja. Mwanamke ambaye kama ningemkuta mlangoni saa ile ningemzaba kibao, nikawa namsifia mashavu, namsifia meno, namsifia mwendo. Na kila nilipodhani nimemaliza, mama alinigusa goti.

"Endelea," akasema.