Pembe Zilizokua kwa Sindano

Katika maisha yangu nimefanya kazi moja tu, kulisha tembo, na nimefungwa mara moja tu, kwa ajili ya tembo huyo huyo. Siku hizi nikiwaambia vijana wa Butembo kwamba mji wetu ulikuwa na bustani ya wanyama, wananitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Lakini ilikuwapo, mtaa wa Kimemi, nyuma ya maghala ya kahawa. Tajiri mmoja aliijenga ili wageni wake wapate mahali pa kupigia picha. Palikuwa na nyani wawili, chatu, mamba, swala kadhaa, na tembo jike aliyeletwa kwa lori kutoka upande wa Beni angali mtoto.

Vita ya kwanza iliwala swala. Mamba alitoweka, na mpaka leo sijui nani alimla nani. Wanajeshi waliokuwa wakikimbia walizikata pembe za tembo kwa msumeno wa seremala, wakaacha vipande viwili vifupi kando ya mdomo, wakaendelea kukimbia. Tajiri naye alihamia nje ya nchi na hakuniaga. Nikabaki na tembo, bila mshahara. Aliyetulisha sote wawili, pamoja na watoto wetu watano, alikuwa mke wangu, fundi wa nguo pale mtaa wa Mususa.

Tembo alikuwa ameshazeeka. Watu wengi hawajui kwamba tembo mzee hufa kwa sababu ya meno. Magego yake huota mara sita, na ya sita yakiisha, basi, atalala njaa kati ya majani. Wetu alibaki na gego moja, limelika kama kipande cha sabuni. Kwa hiyo nilimpikia uji mzito wa ndizi na unga wa mihogo, nikauacha upoe, nikauviringa matonge, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuliweka tonge nyuma ya ulimi. Akiletewa na mtu mwingine, alifunga kinywa.

Vita ya pili ilituletea kamanda aliyekaa Beni na kuja Butembo kukagua mali yake. Mali yake ilikuwa kila kitu. Siku alipofika bustanini alimzunguka tembo mara mbili, akasimama mbele ya vile vipande vifupi.

"Pembe iko wapi?"

"Bale balipita mbele yenu balikata, afande."

"Donc hii ni nyama tu. Batu yangu iko na njaa."

Nikasema, "Afande, pembe inakomeaka. Ni kama kucha."

Sikudanganya. Pembe ya tembo hukua kweli. Nilichonyamazia ni kwamba ya bibi kizee kama huyu hukua kidogo mno kiasi kwamba macho hayaoni. Kamanda alivua miwani yake ya jua, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini.

"Kumbe hii ni shamba!"

Akatoa amri papo hapo. Tembo alishwe vizuri. Kila mwezi katibu wake angekuja kupima. Pembe zikifika mita moja, zingevunwa na nyama ingeliwa. Zikikataa kukua, nyama ingeliwa mara moja. Wiki ile ile chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zikaanza kushuka milimani, wanaume wakizisukuma na kuzizuia kwa miguu, zimejaa ndizi na miwa, na kwenye vizuizi vya barabarani hakuna askari aliyethubutu kuwaomba hata kidole kimoja cha ndizi. Tukapewa pia askari mmoja wa kulinda lango. Yeye alikula maharage, alipoyapata.

"Ye anakula kupita siye," aliniambia siku moja.

"Weye hauna pembe," nikamjibu. Tulicheka, lakini yeye alicheka kidogo.

Katibu alipokuja kupima hakuwa na kipimo. Jeshi lililoshika miji miwili lilikuwa na mizinga, redio na mihuri ya kila aina, ila halikuwa na utepe wa kupimia. Nikaazima wa mke wangu. Sentimita arobaini na moja. Mwezi wa pili, arobaini na moja. Katibu alifunga daftari lake taratibu.

"Haikomee. Mwezi kesho ikibaki vile, miye nitamwambia afande."

Jioni ile sikugusa chakula. Mke wangu, ambaye hakuwahi kumpenda tembo na alimwita mukewenza, aliniuliza kilichonipata. Nikamweleza.

"Ye anapimaka na nini?"

"Na mètre yako."

Aliuchukua utepe, akautandaza mapajani, akakata sentimita moja mahali fulani baada ya kumi, kisha akaunga ncha mbili kwa uzi wa njano. Mshono haukuonekana. Mwezi uliofuata pembe zilifika arobaini na mbili, na katibu, ambaye alitazama namba ya mwisho tu, alinishika mkono kwa furaha kana kwamba mimi ndiye niliyeziotesha.

Basi tukaendelea hivyo, sentimita moja kila mwezi. Kwa mwendo ule mita moja ingetuchukua miaka mitano, na tulikubaliana kwamba hakuna vita ya miaka mitano. Sisi wenye akili tulikuwa wengi wakati ule. Kamanda alianza kuleta wageni kuona shamba lake. Tembo alinenepa. Utepe ulitunzwa peke yake ndani ya kopo la maziwa, isipokuwa mara moja mke wangu alipokosea akampimia mama mmoja wa kwaya, kisha akakata kitambaa kwa utepe mwingine aliokuwa amenunua, ambao haukukatwa. Blauzi ilimtosha yule mama pamoja na dada yake.

Pembe zilikuwa zimefika hamsini na nane kamanda alipofukuzwa. Alikuja mwingine, adui yake. Lakini kwetu hata wanaofukuzana kwa risasi huachiana karatasi, na katika orodha ya mali iliyobaki, tembo alikuwamo pamoja na pembe zake. Kamanda mpya alikuja na kipimo cha chuma. Akapima mwenyewe. Arobaini na moja.

"Sentimita kumi na saba iko wapi? Kila upande!"

"Haikuwako, afande."

"Kwa karatasi iko."

Nikatiwa ndani kwa wizi wa pembe ambazo hazikuwahi kuota. Walisema ningepelekwa Beni kuhukumiwa, na miezi ile aliyepelekwa Beni nduguze walianza kumlilia mapema. Mimi sikuwaza Beni. Niliwaza uji. Mke wangu aliponiletea chakula nilimtuma bustanini na sufuria. Alirudi kesho yake akaniambia tembo amefunga kinywa. Nikamtuma tena. Akafunga tena.

Siku ya tatu wakanitoa. Nje nilimkuta mke wangu ananisubiri, tukashika njia ya nyumbani, Vulamba, na njiani akanisimulia. Alikuwa amekwenda kwa kamanda na lile kopo la maziwa. Alimtandazia utepe mezani, akamwonyesha mshono mmoja mmoja. Kamanda alicheka mpaka akafuta machozi, akawaita watu wake waje kuona, akasema mama huyu ni injinia. Akaandika karatasi ya kunifungua. Kisha, kalamu ingali mkononi, akauliza, "Donc haikomeake?"

"Ukasema nini?" nikamuuliza.

"Nilisema hapana. Ni muzee. Haikomeake."

Nilisimama katikati ya barabara nikampigia kelele mke wangu mbele za watu. Nilimwambia angeniacha mle ndani siku mbili zaidi. Nilimwambia mwanamke mwenye akili ya kukuza pembe kwa sindano angeshindwaje kupata uongo mmoja mwingine. Naona haya kuandika haya, lakini ndivyo nilivyosema. Alingoja nimalize.

"Weye uko na batoto batano," akasema. "Tembo iko na bangapi?"

Nikamwacha pale pale, nikageuka kuelekea Kimemi. Nilikimbia. Milio ya risasi nilisikia kabla sijafika sokoni.

Msururu wa watu wenye mabeseni ulitoka langoni ukafika kwenye maghala. Wasukuma chukudu walikuwepo, akina mama wa kwaya pia, wote watu ninaowajua, na walipoona ni mimi wakainamia mabeseni yao. Yule askari wetu wa lango alikuwa ameshabadili jeshi, lakini lango lilikuwa lile lile. Aliniona.

"Mumuachie njia," akawaambia watu. "Huyu ndiyo mwenye nyama."

Akanikatia kipande cha kwanza, kikubwa kupita vyote, akakiweka juu ya jani la mgomba na kuninyooshea. Hakuwa akinidhihaki. Aliona ni haki yangu. Watu wote waliinua macho kunitazama. Nimeshajiambia mara nyingi kwamba niliogopa bunduki yake, lakini bunduki alikuwa ameiegemeza ukutani. Nilikipokea kwa mikono miwili, kama mama alivyonifundisha kupokea kitu cha mtu, nikasema aksanti.