Kipande cha Mtakatifu Ana

Mwaka ule Wakongo walipovuka ziwa kwa wingi, basi, wengine walipumzishwa Kidahwe kungoja malori ya kuwapeleka kambini. Walikaa chini ya maturubai kando ya barabara, na maji yao yalikuwa ya dimbwi. Watoto wakaanza kuharisha. Jumapili paroko akatangaza kanisani: waumini watachimba mtaro kutoka chemchemi ya mlimani, kazi ya kujitolea, na Jumamosi fundi Bonaventura ataleta mabomba. Kila jumuiya ikapewa kipande chake.

Jumuiya ya Mtakatifu Ana iliongozwa na Honorata, mama wa mabega mapana, aliyezoea kujitwisha magunia ya dagaa pale Kibirizi. Kura ikampa kipande cha mwisho, bondeni, jirani kabisa na maturubai. Akapiga kigelegele. Lakini jembe la kwanza tu, kaa! Chini ya udongo mchache palilala mwamba.

Kipande kilichofuata kwa juu kilikuwa cha Feliksi na wenzake. Akachungulia.

"Mama Honorata, hapo ungeomba baruti."

"Baruti ni hii mikono. Wewe chimba mchanga wako, kaka."

Wanawake wenzake walicheka, naye Honorata akatemea viganja mate, akainua sururu. Siku nzima sururu ilirukaruka juu ya jiwe kama panzi. Dawa ya jiwe kila mtu anaijua: uliwashie moto, likishika joto ulimwagie maji baridi, lipasuke. Ila kuni zilikuwa mbali, maji mlimani, na wanawake wa Mtakatifu Ana walikuwa wachache, nusu yao mabibi. Jumuiya nyingine nazo zilikuwa zimeelemewa na vipande vyao. Na kipande kimoja kikikwama, mtaro wote ni kazi bure, kwa maana maji hayajui kuruka.

Pale kwenye maturubai alikuwapo mkimbizi mmoja, Merina, kutoka upande wa Uvira. Kila asubuhi alikuja, akasema, "Mama, nipe na mimi nichimbe." Na kila asubuhi Honorata alimjibu kwa upole, "Pumzika, dada. Ninyi ni wageni wetu, mmeteseka vya kutosha." Aliona ni heshima hiyo. Unamshikishaje sururu mtu aliyelala mtumbwini ziwani na watoto?

Ijumaa Merina hakuomba. Alisimama kando ya mtaro, mikono kiunoni.

"Mama, sisi tulikimbia vita. Hatukukimbia kazi! Watoto wanaoharisha ni wa nani? Mnatukalisha hapa kama mizigo!"

Bibi Dunia, mkongwe wa jumuiya, akajifuta jasho.

"Honorata, huyu mgeni siku ya tatu haijapita tu? Mpe jembe!"

Honorata akaona haya, kisha akacheka, akamkabidhi sururu yake. Merina akageukia maturubai na kuita. Lo, walivyotoka! Wanaume kwa wanawake, wengine porini kuleta kuni, wengine mlimani na madumu. Moto ukawaka juu ya mwamba, maji yakamwagwa, mvuke ukapanda, na jiwe likalia paa! Wakang'oa vipande, wakawasha tena.

Jumamosi Bonaventura alipofika, bado nundu moja ilikuwa imeziba njia.

"Mama, lori nimeazima. Siwezi kulala hapa."

"Anzia juu, fundi. Ukifika huku utakuta njia."

Basi yakawa mashindano. Bomba likiteremka, nyundo zikiongeza mwendo. Bonaventura akamaliza kipande cha Feliksi. Feliksi mwenyewe akarukia bondeni na mtaimbo. Honorata na Merina wakauning'inia upande mmoja, yeye upande wa pili.

"Sasa!" akafoka Honorata.

Jiwe likang'oka kama jino, likabingirika, na watu wakalikwepa wakishangilia.

Bomba likaungwa, koki ikafunguliwa kule juu. Likakohoa. Likatema tope. Ndipo maji yakaja, meupe, ya baridi, yakimiminika bila kukatika, na vigelegele vikapanda hadi mlimani. Bibi Dunia alicheza mpaka kitenge kikamtoka.

Honorata alikinga viganja. Malengelenge yakamwuma naye akacheka kwa sauti. Merina akamsogeza taratibu, akajaza kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, mama."

Honorata akanywa chote, akakirudisha kitupu.

"Ongeza," akasema.