Mnyororo Uliomezwa na Mzambarau

Tulikuwa watano siku hiyo. Mimi mwenyewe, binti wa boma hilo la Mundika, niliyeolewa upande wa Amagoro na nikarudi nyumbani kutembea tu. Wandera, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye sasa ndiye mwenye boma. Taaka, mke wake, mwanamke wa mikono ambayo haijui kupumzika. Ekisa, fundi wa pawaso, huo msumeno wa injini. Yeye si ndugu yetu, ila mama yake na mimi tunauza mboga meza moja soko la Amagoro, kwa hiyo ananiita mama. Na wa tano ni Nabwire, anayekaa mashamba mawili kutoka hapo. Ameolewa na binamu yangu, kwa hiyo mimi namwita mulamwa na yeye ananiita mulamwa, ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu. Nabwire alikuwa amekuja na kamba yake kuokota matawi. Nimemtaja mwisho, lakini habari hii ni yake.

Mzambarau wa baba ulikuwa umekauka. Ulikuwa umeanza kulalia jiko la Taaka, na binti yake alikuwa anangoja harusi, watu wangekula siku tatu mfululizo. Kuni za kupikia watu wote hao zingetoka wapi? Wandera akaenda kumwita Ekisa.

Mwanangu msomaji, sijui kama umewahi kukaa karibu na fundi wa pawaso akitayarisha kazi. Mimi nilidhani ni mtu wa kelele tu. Kumbe kwanza anakuwa kimya kama mama anayemsuka mtoto. Ekisa alitandika gunia, akaushika msumeno kwa magoti, akachukua tupa ya mviringo akanoa cheni jino kwa jino, kila jino tupa mara tatu, anahesabu kwa midomo. Akapangusa vumbi la mbao kwa brashi ya rangi. Akachanganya petroli na oili kwa chupa ya soda, akaitikisa, akaiinua juani aone rangi.

"Boss, unanoa au unaomba?" Wandera akamuuliza.

"Cheni butu ndiyo huua fundi," Ekisa akajibu. "Wewe omba, mimi nanoa."

Ile harufu ya tupa kwenye chuma ndiyo ilinichukua. Nikamwona nyanya yangu.

Nyanya alikuwa mtu wa kuni. Enzi hizo kuni zilikuwa na msimu, kama mahindi. Ukifika ule mwezi wa joto kabla ya mvua ya masika, kila boma lilianza kuweka, kwa sababu mvua ikishika hapa kwetu haiulizi kama umepika. Baba na kaka zake walikata miti mikubwa ya kule bondeni kwa shoka, na ng'ombe wawili wakakokota magogo hadi uani. Mimi na wasichana wengine tulikuwa tunafuata alama ya gogo kwenye udongo, ile njia laini inayong'aa, tunakimbia juu yake bila viatu kwa sababu ilikuwa baridi. Nyanya aliyakagua magogo kama mtu anayenunua ng'ombe. Aligonga, akasikiliza. Alijua kwa sikio ni gogo lipi limekauka. Alikuwa anasema, "Kuni mbichi humliza mpishi na kumfurahisha nyoka," kwa sababu moshi unamfukuza mpishi nje na nyoka anabaki na jiko. Hatukujua kama ni kweli. Tulicheka tu.

Kupasua kulikuwa kazi ya jirani yetu Ojiambo. Si kwamba sisi hatukuwa na wanaume, hapana. Ojiambo alikuwa na mkono. Alilizunguka gogo, akatafuta ufa mdogo usioonekana na mtu mwingine, akaweka kabari ya chuma, akapiga mara moja, mara mbili, na gogo likasema lenyewe, tii, likafunguka. Ndani ya mti kulikuwa na rangi nzuri na harufu tamu. Mchana nyanya alimtengea ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi unaoshika vidole, na mrenda uliotiwa chumvi ya majivu, na omena. Ojiambo alikula akisifu kila kitu kwa sauti. "Mama, leo mrenda huu umenifunga mdomo, nitarudi nyumbani bila maneno!" Nabwire, binti yake, alikuwa rika langu kabisa. Tulikuwa tunapanga kuni pamoja kando ya ukuta, yeye upande huu, mimi upande ule, tunashindana rundo la nani halitaanguka.

Na magogo yalikokotwa kwa mnyororo. Hapa nisikilize vizuri. Mnyororo wenyewe haukuwa mrefu, pima mbili hivi, na mwisho wake ulikuwa na ndoano. Pete moja ilikuwa imekatika, Ojiambo akaifunga kwa bolti. Baba aliupenda mnyororo ule kuliko jembe. Kijiji kizima cha kwetu ulikuwa mmoja tu, na kila mtu aliuazima, na kila mtu aliurudisha kwenye msumari wa ghala.

Msimu huohuo wa kuni ndio ulikuwa wa zambarau. Wavulana walipanda ule mzambarau wa baba, wakala mpaka ndimi zikawa nyeusi, wakatutupia zile zilizopasuka. Wavulana walifunga kamba wakabembea. Sisi wasichana tulisukuma tu. Msichana kupanda mti ulikuwa mwiko, kama vile mwanamke kupanda paa. Nyanya alisema msichana akipanda mti, mti hukauka, na ng'ombe wa mahari yake hugeuka njiani wakarudi walikotoka.

Lakini siku moja ya soko watu wazima wote walienda Busia mjini. Nilikuwa darasa la pili, darasa langu la mwisho pia. Nikauchukua mnyororo kwenye msumari, nikauvaa shingoni, nikapanda. Nilitaka bembea yangu, isiyokatika. Nikafika pale mti unapogawanyika, nikauzungusha kwenye tawi mara tatu, nikapitisha ndoano kwenye pete ya bolti. Nikakaa huko juu, nikala zambarau, nikaona barabara yote hadi malori ya kwenda Uganda. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, nisije nikadanganya.

Halafu nikasikia sauti ya nyanya kule njiani. Niliteleza nikachubuka tumbo. Mnyororo ukabaki.

Usiku huo mvua ya kwanza ikaja, mapema, nayo haikuacha. Shina likawa la utelezi. Nikasema kesho. Nikasema kesho kutwa. Siku ya nne baba akaenda kwenye msumari akakuta msumari.

Mtu wa mwisho kuutumia alikuwa Ojiambo. Akaja akasimama uani kwa mvua, akasema, "Nimeurudisha. Nimeutundika mwenyewe." Baba akamwambia, "Basi uko wapi?" Akarudia, "Nimeurudisha." Hakuwa na neno lingine, na mtu mwenye neno moja watu humchoka haraka. Wazee wakakaa. Wakampeleka kwenye murembe, mti wa maua mekundu ambao kwetu hakuna anayeuchoma wala kusema uongo mbele yake, maana mwongo hufa. Ojiambo akaushika akaapa. Watu wakangoja afe. Hakufa. Mwaka ukaisha, wakasema amekwenda ng'ambo ya mpaka akapewa dawa ya kuvunja kiapo. Sasa mtu kama huyo angefanya nini? Akifa ni mwizi, akiishi ni mwizi mjanja.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sketi ya nyanya. Nilikuwa nikiangalia juu, majani yamefunika, naangalia chini. Niliogopa ng'ombe wa mahari. Nasema ukweli, mtoto wa miaka ile niliogopa ng'ombe ambao hawajazaliwa kuliko nilivyomwogopea mtu aliyesimama mbele yangu.

Hakuitwa tena kupasua kuni. Mke wake akija kuomba moto wa asubuhi anaambiwa moto umezima, na moshi unaonekana. Wakahamia kwa wakwe zake upande wa Tororo, Uganda. Nabwire alirudi miaka mingi baadaye kama bibi harusi wa binamu yangu, na hata hapo, kuku akipotea Mundika, macho yalipita kwanza mlangoni kwake. Mimi nilikuwa nimeolewa Amagoro. Nilijiambia mnyororo ulianguka, mtu akauokota. Nilijiambia mpaka nikaamini. Mambo yakikaa sana hulala, na mimi sikutaka kuyaamsha.

Sasa turudi kwa Ekisa. Mti ulianguka vizuri, mbali na jikoni, Taaka akapiga vigelegele. Ekisa akakata matawi, vumbi la mbao likitunyeshea, Nabwire akifunga mzigo wake. Akafika pale penye panda. Akaingiza msumeno.

Jameni! Cheche zilitoka ndani ya mti. Moto, kutoka kwenye kuni! Sauti ikabadilika ikawa kama ng'ombe anayechinjwa, halafu paa! cheni ikakatika ikapiga kinga ya msumeno mbele ya kidole chake. Ekisa aliutupa msumeno akaanza kujipapasa miguu, mmoja halafu mwingine, kama mtu anayehesabu watoto wake.

"Niko mzima? Wandera, angalia nyuma, niko mzima?"

"Uko mzima, boss. Umepauka tu."

"Kuna chuma humo! Nani aliweka chuma kwa mti?"

Walileta shoka. Ubao ukabanduka, na kwenye nyama ya mti, nyekundu kama ufizi, pete ya mnyororo ikatokea. Halafu nyingine. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao, mimi na nguo yangu ya kanisa.

Nabwire aliacha kamba yake. Alisogea polepole, akaweka kidole kwenye pete iliyokuwa na bolti. Akabaki hapo. "Hii ni bolti ya baba," akasema.

Akauliza, "Nani aliuweka juu?"

Wandera akacheka kicheko kidogo cha aibu. "Labda ni mzee wangu, Mungu amrehemu. Si walikuwa wanabembea wakiwa wavulana? Ni utoto tu."

Pale palikuwa na mlango wazi, msomaji. Kaka yangu amelala, hawezi kubisha. Ningenyamaza tu, kama nilivyozoea.

"Ni mimi," nikasema.

Nabwire aliniangalia kama mtu anayeangalia mvua ya jua. "Mulamwa, usimfunike ndugu yako. Wewe msichana ungepanda wapi?"

"Shangazi ameshtuka," Taaka akasema. "Leteni maji."

Hawakuniamini! Ule mwiko ulionifunga mdomo nikiwa mtoto sasa ulikuwa unanitetea nikiwa mzee. Nikamwambia Ekisa, "Pasua upande wa chini. Utakuta umezungushwa mara tatu. Ndoano imepita kwenye hiyo pete ya bolti, imeangalia upande uliokuwa wa barabara mti ukiwa umesimama."

Ekisa akapasua. Alihesabu kwa midomo, vile alivyohesabu meno. Tatu. Ndoano ilikuwa inaangalia upande uleule.

Nilingoja Nabwire anipige. Ningekubali, hata kwa fimbo ya mzambarau. Yeye alikaa kwenye gogo, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena.

"Baba alikufa akisema ameurudisha," akasema. "Akiwa kitandani. Mimi nikamwinamia nikamwambia, baba, niambie mimi tu, uliuuza wapi? Akanigeuzia uso ukutani." Akanigeukia. "Wewe ulijua, mulamwa. Mimi sikujua, na mimi nilikuwa mtoto wake."

Sina maneno ya kuandika kuhusu hapo. Nilimwambia nisamehe, akasema, "Ngoja kwanza." Mpaka leo nangoja, na simlaumu.

Ekisa alifanya kazi hadi jua likainama, akautoa mnyororo mzima kwa shoka na patasi, hakutaka kuukata hata pete moja. Nabwire aliuweka kwenye gunia. Wandera akamuuliza ataupeleka wapi, akasema Tororo, kwenye kaburi. "Na forodha wakikuuliza pale Malaba ni mzigo gani?" Akajibu, "Nitawaambia ni wa baba." Akasimamisha bodaboda, akakaa na gunia mapajani. Alikataa kulifunga nyuma.

Siku hizi kuni za mwezi mzima hukatwa asubuhi moja, na hakuna anayegonga gogo kusikiliza. Ghala halipo, na boma lile halina msumari wa kila mtu. Jiko la binti wa Taaka litakuwa la gesi. Murembe ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Wazee waliomhukumu Ojiambo nawajua kwa majina, wote saba, na wote wako chini ya ardhi, hakuna hata mmoja wa kwenda kuambiwa. Ndiyo maana nimewaambia nyinyi.

Kwa hiyo enyi watu wa Mundika mnaosoma, kama nimekosea mwaka wa mvua ile, au kama ng'ombe wa baba walikuwa watatu na si wawili, au nimemweka mtu mahali hakuwepo, nirekebisheni, mimi ni mzee na kichwa ni kikapu. Lakini mkikutana na anayesema aliyepanda ni kaka yangu, mrekebisheni yeye.