Simu Aliyoifunga Vizuri

Mwenyekiti wa chama chao alikuja dukani kwangu Majengo, akasimama mbele ya mashine ya fotokopi, akakunja mikono. Akasema, "Mama, mkutano uko palepale. Tunaomba wewe utualikie watoa mada." Nikasema sawa. Siku hizo hata mtu angeniambia nipande juu ya bati ningesema sawa.

Mume wangu ndiye aliyekuwa katibu wa chama hicho cha watu wa kompyuta hapa Sumbawanga. Kila mwaka walikuwa wanaandaa mkutano wa usalama wa taarifa. Makarani, walimu, masista wa zahanati, wahasibu wa vyama vya akiba, wote wanakaa ukumbini kufundishwa namna ya kulinda nywila na kuwatambua matapeli wa mitandaoni. Barua za mwaliko nilikuwa nachapa mimi, kwa hiyo namba za watoa mada zilikuwa kwenye kompyuta ya dukani. Ndiyo maana walinijia. Na nadhani walisema kazi itamchangamsha mjane. Haya.

Huku kwetu barua ya mwaliko ni ya kujazia faili tu, marehemu alikuwa mkali sana kwenye hilo. Mtu unampigia, unamwamkia, unauliza habari za nyumbani, watoto, mvua, ndipo unataja mkutano. Asipopokea, unarekodi sauti unamtumia. Ukimpelekea barua tupu haji, au anakuja amenuna. Kazi hiyo alikuwa anaifanya asubuhi, anazungukazunguka uani na simu mdomoni. Hata mada zake mwenyewe alizifanyia mazoezi hivyohivyo, anajirekodi, anajisikiliza, anarudia. Mimi nafua, yeye anahutubia kuku.

Sauti hizo zote zilikuwa ndani ya simu yake, na simu ilikuwa imefungwa.

Katika kila mkutano alikuwa na maneno yake: "Namba ya siri usimpe mtu, hata mkeo." Ukumbi unacheka, watu wananigeukia mimi niliyekaa mlangoni na karatasi za mahudhurio, na mimi nacheka. Kumbe mwenzetu hakuwa anatania. Nilijaribu siku za kuzaliwa za watoto, nikajaribu ya ndoa, nikaacha, maana ukikosea mno inajifuta yenyewe. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu anayelima mpunga Mtowisa kule bondeni, aliniambia baada ya maziko kwamba tungemwekea kidole gumba kwenye simu kulekule mochwari. Alisema kwa upole tu. Nikamwambia simu ilikuwa imeisha chaji, na ikiwaka upya haitaki kidole, inataka namba kwanza. Hata hilo nilifundishwa na marehemu. Tuliyaongea hayo kama watu wanaoongelea mbolea.

Sikuwa nalia. Nilipika, nilifungua duka, nilipeleka watoto misani. Majirani zangu wa Katandala walikuwa wananitazama usoni kama wanatafuta kitu walichoangusha. Mimi nilikuwa nataka jambo moja tu, kumsikia akiongea, kwa sababu sauti yake ilikuwa imeanza kunitoka. Sura ninayo, mwendo ninao, hata anavyofunga kamba za viatu ninavyo. Sauti nikiitafuta, hola. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa kuandika tu, "nakuja", "nunua chumvi". Nani atamrekodia mkewe sauti wakati jioni anamkuta jikoni?

Siku ya kuanua matanga ndugu walikaa wakagawa vitu vyake. Simu akapewa shemeji, maana hakuwa na simu ya maana na watoto wetu bado wadogo. Sikubisha. Akaniambia, "Kaa nayo kwanza, shemeji. Nikimaliza kuvuna nitapanda kuifuata, tumpe fundi aiflashi." Kuiflashi ni kufuta kila kitu, ianze upya kama imetoka dukani leo. Kwa hiyo nilikuwa na muda wa mavuno ya mpunga, si zaidi.

Basi kila mtoa mada niliyemwalika, nikishamaliza habari za mkutano namuuliza la kwangu. Hao ndio watu wanaozunguka nchi nzima wakifundisha jinsi simu zinavyofunguliwa na wezi. Yule wa Dodoma akasema, "Pole sana, dada. Hiyo hata mimi siwezi." Kijana mmoja wa Dar aliniuliza ni simu ya aina gani, nikamtajia. "Aisee," akasema, "mzee aliifunga vizuri." Alikuwa anasifia kweli. Nikasema asante, nikamkumbusha aje na kompyuta yake mwenyewe. Wote walikubali kuja, na wote waliniambia ile simu haifunguki. Nilikata simu, nikaendelea kubana karatasi za wateja.

Shemeji alipanda wakati baridi imeshika, amevaa shati jepesi la kule bondeni kwenye joto, anatetemeka, na mchele begani. Nikampa chai. Halafu nikampa sweta la kaka yake, lile la kijivu, akalivaa. Tukaenda kwa fundi, hatua chache kutoka dukani kwangu.

Fundi akachomeka waya, akauliza, "Humu kuna vitu vya muhimu?"

Shemeji akanitazama. Alikuwa tayari kuondoka bila simu, nilimwona. Lakini ningeiweka ya nini? Ya kuichaji kila siku na kuitazama ikiniomba namba? Nikasema, "Futa."

Ilizimika, ikawaka, ikapiga kale kamuziki kake ka simu mpya. Fundi akasema iko poa. Shemeji akaniaga akaenda stendi na simu na sweta, nami nikarudi dukani. Nilikuwa sisikii chochote, si uchungu, si nafuu. Miguu ilikuwa inanipeleka tu.

Alikuwa amebaki mtu mmoja wa kualikwa, mwalimu wa chuo huko Mbeya, mama mtu mzima. Nilimpigia hakupokea, nikarekodi sauti. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mke wa fulani, kwamba mwenzangu tulimzika, kwamba mkutano uko palepale. Kuhusu kufungua simu sikuuliza tena.

Jibu lilikuja nikiwa naweka karatasi kwenye mashine. "Marahaba, mwanangu. Jamani, mimi sikuwa na habari, nilikuwa nashangaa ukimya wake. Pole mno. Ngoja nikutumie alivyonialika mwaka jana. Sijui kama utapenda kuisikia." Chini yake kulikuwa na sauti nyingine.

Nikaibonyeza. "Shikamoo, mwalimu, habari za Mbeya?" Alikuwa yeye. Kuku walikuwa wanalia nyuma yake. Akauliza hali ya watoto wake, akauliza mvua, akataja mkutano, akasema, "Ila uje na sweta, mwalimu, huku baridi si mchezo." Halafu akageuza kichwa, unasikia kabisa anageuza: "Mama watoto, sweta langu liko wapi?" Na huko mbali, kwenye maji ya kufulia, mwanamke mmoja akajibu kwa hasira zake za asubuhi, "Liko kwenye kamba, kwani huna macho?" Akacheka. Akamwambia mwalimu, "Umemsikia? Huyo ndiye atakayekupokea."

Mteja aliyeleta cheti kutoa kopi alinikuta nimeinamia mashine nalia, nalia kwelikweli, kamasi na yote. Akaweka cheti chake mezani, akakaa kwenye benchi.

Nilipoweza kuongea nilimjibu mwalimu kwa sauti. Nikamwambia karibu sana, nitakupokea mimi. Sweta asisahau.