Sufuria ya Bibi Iliyozikwa Ardhini

Nianze na ujinga wenyewe, tusije tukazungushana: vibao nilivibadilisha mimi. Si upepo, wala si bata aliyekuwa akipita pale, niliyejaribu kumsingizia kwa dakika moja hivi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mikono yangu haikuwa na kazi, na mbele yangu palikuwa na safu ya matuta ya udongo yanayofuka mvuke, kila tuta limechomekwa kibao chenye jina la mwenye sufuria iliyozikwa chini yake. Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Usinijibu, najua wewe ni mtu mwema. Mimi nilichomoa kibao kilichoandikwa Duarte, nikachomoa na cha jirani yake kilichoandikwa Gaspar, nikachomeka kila kimoja kwenye tuta la mwenzake, kisha nikarudi kwa mama yangu nikipiga mluzi. Harufu ya mahali pale bado iko puani mwangu: mayai viza, tena yaliyosahauliwa, na chini yake, kwa mbali, kabichi inayoiva polepole.

Kabla hujanihukumu, nikueleze tulifikaje huko. Sisi tunakaa Crescent Town, mashariki mwa Toronto, ghorofa ya kumi na nne. Mwaka ule Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa amekuja kutoka Tanga, na ile ndiyo ilikuwa baridi yake ya kwanza. Alitembea mpaka stesheni ya treni mara tatu, theluji ilipoanguka akasema basi, ameshaiona, inatosha. Kuanzia Novemba hakutoka tena nje. Magoti yalimvimba. Alikaa dirishani ameegemea lile bomba la kupasha nyumba joto, akitazama watu wanavyoteleza kwenye barafu kule chini, na kila aliyeanguka alimpa pole kwa sauti kana kwamba mtu yule anamsikia. Mimi na yeye tulikuwa watani, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu kwao. Aliniita mume wangu, akanilalamikia kwamba sileti matumizi. Nikimwambia naoa mke wa pili, ananijibu nitafute mwenye meno, amsaidie kutafuna. Aliwahi kunitilia chumvi kwenye chai siku ya mtihani. Kwa hiyo nikisema nililelewa na utani sijitetei, natoa ushahidi tu.

Kitu kimoja peke yake hakikuwa na utani ndani yake, nacho ni chakula. Bibi hakuweka mdomoni kitu asichojua kimetoka wapi, na kwa kuwa maandishi ya pakiti yalikuwa Kiingereza na macho yake yalikuwa ya Tanga, mimi ndiye niliyekuwa msomaji wake. Biskuti, supu ya kopo, hata peremende, vyote vilipita kwangu. Nilisoma kuanzia juu mpaka zile herufi ndogo za chini, nikikuta chochote cha nguruwe natikisa kichwa, na kitu kinaenda kwa jirani. Hakuniuliza mara mbili hata siku moja. Nilikuwa mtundu kuanzia asubuhi mpaka jioni, lakini pale mezani nilikuwa kadhi.

Wazo la kwenda kisiwani lilitoka kwa Dona Lurdes wa ghorofa ya kumi, aliyekuwa akifanya kazi na Mama kwenye nyumba ya wazee. Kwao ni São Miguel, kisiwa cha volkano katikati ya Atlantiki, na kutoka Toronto ni ndege moja, hata filamu ya tatu huimalizi. Alisema kule maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, na magoti ya marehemu mama yake yalikuwa yakipata nafuu humo. Bibi akageuka kutoka dirishani. Utotoni alikuwa akipelekwa kuoga kwenye maji ya moto ya Amboni, nje ya mji wa Tanga, na alimtaka Mama amuulizie jirani swali moja tu: hayo maji yananuka? Dona Lurdes hakusubiri tafsiri ya pili, aliziba pua. Bibi akasema basi ndiyo yenyewe. Mama alihangaikia viza ya Bibi majira yote ya baridi, na ilipofika likizo ya Machi tukaondoka watatu. Baba alibaki, eti lazima awepo mtu wa kulinda theluji.

Siku tatu za kwanza Bibi alikula mkate, mayai na nanasi. Chakula kingine chote kilikuwa na soseji ndani yake au kimekaa karibu na soseji, na mimi nilitikisa kichwa mpaka shingo ikaniuma. Siku ya nne ndipo tulipopata ziara yetu. Mwongozaji alikuwa Duarte, mpwa wake Dona Lurdes, kijana aliyewahi kujenga nyumba Toronto miaka kadhaa akarudi kwao. Aliendesha gari akizungumza kwa mikono yote miwili, nikawa na hakika kwamba gari linaijua njia lenyewe. Alimweleza Mama habari nyingi asubuhi ile, na mimi sikusikia hata moja kwa sababu nilikuwa na vidude vya muziki masikioni. Hilo nalo liandike kwenye hesabu yangu.

Sikatai, nimeona vitu vizuri tangu siku ile, lakini hakuna kilichonifunga mdomo kama bonde lile. Unashuka kwenye ukungu, milima imekuzunguka kama kingo za bakuli, kwa kuwa ndani ya bakuli ndimo volkano ilimokuwa, halafu ukungu unapasuka unaona ziwa, na kando ya ziwa ardhi inapumua. Watu wa pale hawaikimbii. Alfajiri wanakuja na sufuria za duka moja, zinazofanana kama mapacha, zimejaa vyakula na kufungwa vitambaa, wanazishusha kwenye mashimo, wanafukia, wanachomeka kibao, wanaondoka. Saa sita baadaye wanarudi kufukua chakula cha mchana. Hakuna kuni wala gesi, na hakuna mtu wa kufunua mfuniko kila dakika kuangalia kama kimeiva. Duarte alikuwa ameshazika ya kwetu kabla hatujaamka. Ndipo alipowapeleka Mama na Bibi kutazama ziwa, nami nikapita chini ya kamba, na unajua nilichokifanya. Nilidhani sufuria zote zina kitu kimoja. Nilichotaka ni kuwaona watu wazima wakibishana juu ya kabichi.

Kutoka pale tulikwenda kijijini, ambako chemchemi zinatokota kando ya barabara kama masufuria ya harusi. Mtu mmoja alikuwa akichemsha mahindi humo, ametumbukiza gunia zima kwa kamba. Bibi alikula mahindi mawili amesimama, akamsifu yule mtu kwa Kiswahili, na yule mtu akamjibu kwa Kireno, wakaelewana kuliko mimi na mwalimu wangu wa hesabu. Kulikuwa na bomba la maji yenye gesi na ladha ya msumari. Bibi akayanywa yote, akasema dawa ikiwa tamu ujue umeibiwa. Mwisho tukafika kwenye bwawa. Maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya chuma kilichomo, na nguo ikiingia nyeupe haitoki nyeupe tena. Mama alikuwa amemnunulia vazi la kuogelea la mikono mirefu, na juu yake Bibi akafunga mtandio wake mweupe, akaniambia yeye sasa ni mzamia lulu na mimi nibebe viatu. Aliingia hatua kwa hatua ameshika mkono wa Mama, nami nikaingia nyuma yao. Maji yalipofika kifuani alifumba macho. Baadaye akauachia mkono wa Mama. Akatembea peke yake mpaka katikati ya bwawa, yule aliyeshindwa kufika kwenye lifti tangu Novemba, akageuka akatupungia. Mama alijimwagia maji usoni ili tusijue kama analia.

Akiwa bado ametazama kule, Mama akaniambia jambo ambalo wote walikuwa wakilijua isipokuwa mimi. Alisema leo Bibi atakula chakula cha moto mpaka ashibe. Mama yake Duarte alikuwa amenunua sufuria mpya na kisu kipya, akampigia dada yake Toronto mara tatu kuuliza Waislamu wanakula nini, akaamka usiku kumpikia Bibi samaki wa chumvi na mboga. Hakuna nyama iliyogusa sufuria ile. Iko ardhini, alisema Mama, na ina kibao chake.

Ndani ya maji ya moto vile, mimi nilihisi baridi.

Ningesema palepale, mambo yangeishia bwawani. Lakini nilikuwa na mpango, na mipango yangu ya umri ule ilikuwa mikubwa kuliko kichwa: tukifika nitatangulia, nitapita chini ya kamba, nitarudisha vibao, hakuna atakayejua. Garini nilimhimiza Duarte aongeze mwendo mpaka akaniuliza kama nina haja. Tulipofika matuta yalikuwa yameshafukuliwa. Vibao vyote vilikuwa vimetupwa kwenye kirundo kimoja, na sufuria yetu, yaani sufuria ya watu wengine, ilikuwa juu ya meza chini ya miti, na mama yake Duarte amesimama pembeni yake na aproni safi, akitabasamu kama mama wa bibi harusi.

Bibi aliketi mahali pa heshima. Mfuniko ukafunguliwa, mvuke ukapanda, na juu kabisa palikuwa na majani ya kabichi yaliyofunika kila kitu, kwa hiyo jicho halikuweza kuona kilichomo chini. Mama yake Duarte akamwekea Bibi jani moja na kipande cha kitu cha kijivu. Bibi akakiinua kwa vidole, akakitazama, sura ikamfunguka. Ilikuwa gimbi. Magimbi hasa, yale ya kwao, katikati ya bahari ya watu asiowajua. Alimwambia Mama, magimbi haya jamani, akasema Bismillahi, na mkono ukaanza kupanda.

Nilisema, "Bibi, usile." Nilisema kwa Kiswahili, mimi niliyekuwa nikijibu kila mtu Kiingereza mwaka mzima. Mkono ukasimama. Nikasema sufuria hii si yako, vibao nimebadilisha mimi, nilikuwa nafanya mzaha. Sijui niliyapanga vipi maneno, najua yalitoka yakiwa yamelowa. Mama alimtafsiria Duarte. Duarte alichukua upawa akauzamisha chini ya majani, na ulipopanda ulikuwa umebeba kipande cha soseji nyeusi, nene kama mkono wa mtoto, inang'aa mafuta. Mama yake Duarte akaweka mkono mdomoni.

Bibi alirudisha gimbi kwenye sahani, taratibu. Akajifuta vidole kimoja kimoja. Nilisubiri aniite mume wangu, hata kwa kunitukana.

"Salimu," alisema, "wewe si ndiye msomaji wangu?"

Kwa jina langu hakuwahi kuniita.

Duarte alikuwa ameshakimbilia meza ya pili, ambako palikuwa na kelele. Mzee Gaspar, babu wa familia kubwa, alikuwa amefunua sufuria yetu akakuta samaki, na kwa kuwa ilikuwa Kwaresma aliamini kwamba mkewe amemfungisha kwa nguvu mbele ya wajukuu. Walikuwa bado wanabishana, kijiko hakijaingia. Duarte alipowaeleza, mke ndiye aliyecheka kwanza, halafu wote, halafu mzee mwenyewe akaibeba sufuria ile mpaka mezani kwetu, akaiweka mbele ya Bibi, akainama kidogo kama mtu anayerudisha mkoba wa malkia. Akaondoka na ya kwake, akiwa ameikumbatia.

Sahani zikabadilishwa, maji ya kunawa yakaletwa. Bibi hakugusa. Alisogeza sufuria mpaka kwangu, akasema, "Haya, soma."

Nikasoma. Nilifunua jani kwa jani, nikataja kila kitu kwa sauti kuanzia juu mpaka chini: kabichi, karoti, kiazi kitamu, gimbi, gimbi jingine, samaki wa chumvi kama ng'onda, kitunguu, mchuzi. Nilikoroga mpaka nikagusa chuma. Nikasema hakuna, Bibi. Hakuniuliza mara mbili. Alikula sahani tatu, akampa mama yake Duarte mtandio wake uliogeuka rangi ya chai. Yule mama akauvaa palepale, juu ya aproni.

Sasa nina miaka kumi na saba, na tusidanganyane, magoti ya Bibi hayakupona. Yalimpa wiki tatu nzuri, na mpaka leo anazizungumzia kama ujana wake. Kila Jumamosi nanunua magimbi kwenye duka la Wabangali pale Danforth, nayapanga kwenye sufuria pamoja na samaki, nafunika kwa kabichi, natia ovenini kwa moto mdogo tangu asubuhi. Rafiki zangu wanacheka, halafu wanakula. Oveni yetu inajitahidi, lakini ina saa, ina taa, na ndani ya saa sita hizo mimi hufungua mlango mara kumi, nina mashaka ambayo watu wa bonde lile hawana. Bibi husema chakula ni kizuri ila kimekosa kunuka. Siku hizi ameshaniita mume wangu tena, tena ananidai talaka. Lakini hali chochote kabla sijatia kijiko changu kwanza, nikameza, naye akanitazama nikimeza, kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya nyumba.

Sheria hiyo ilitungwa kwenye lifti. Mama hakunisemesha tangu pale mezani, si hotelini, si uwanjani, si ndani ya ndege. Tuliingia na mabegi, Bibi katikati yetu. Dona Lurdes, aliyekuja kutupokea, akateremka ghorofa ya kumi, mlango ukafunga, na tulipokuwa tunaikaribia ya kumi na nne Mama akasema, huku akitazama namba zinavyowaka:

"Kuanzia leo chakula cha Bibi utaonja wewe kwanza. Kama kuna dhambi humo ndani, ianzie kwako."