Kawa Lililotundikwa Kinyume

Nimezunguka miji mingi, lakini kila nirudipo Kampala na kunusa ukindu uliolowekwa pale Nakivubo, miguu yangu husita. Bibi yangu alisuka makawa ya kufunikia chakula kwa ukindu kama huo, mwekundu na mweusi. Moja alilitoa kwa chama cha watu waliokusanya vitu vya kale vya mtaa wetu, wakavipanga katika chumba kimoja na kukiita makumbusho.

Shule ilitupeleka kukiona. Wenzangu hawakujua kuwa mimi ni Mnubi; vita vya kumng'oa rais vilikuwa vimekwisha juzi tu, Wanubi tukahesabiwa watu wake, na nyumbani tulifundishwa kutolitamka neno hilo njiani.

Tukamkuta bibi mle ndani, ananuka moshi wa mandazi, amenyoosha mkono ukutani. Kawa lake, lenye kikaratasi cha "Wanubi", walikuwa wamelitundika kinyume, tumbo nje, jambo ambalo kwetu ni aibu kama kumvua mtu nguo.

"Mama, vitu vya humu havishikwi," mlinzi akamwambia.

"Naligeuza tu, baba. Ni langu."

"Kila anayeingia anasema chake! Juzi mmoja alidai ngoma ile."

Wenzangu wakacheka. Bibi akanionyesha kwa kidole. "Muulize mjukuu wangu huyu."

Mlinzi akanigeukia. "Huyu ni bibi yako?"

Nikaikazia macho ile ngoma, nikatikisa kichwa.

Bibi akashusha mkono polepole. "Nisamehe, baba," akamwambia mlinzi. "Macho yangu yamezeeka. Nimemfananisha."