Kitako cha Kopo

Mtu asinisimulie habari za udaktari wa uchumi. Mimi Mwavita, muuza mchele wa soko la Kindu, niliufanya miaka minne bila kukanyaga chuo. Mwenye masomo alikuwa mdogo wangu Bulaimu, aliyekuwa akiusomea Kinshasa. Mwaka 1975 alikuja likizo, akaniachia daftari na kalamu mbili. "Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "kila siku ya posho uandike bei ya kopo moja ya muchele. Kazi yako njo ile tu."

Na mimi kichwa changu kigumu. Nikiambiwa kazi yangu ndiyo ile tu, nafanya ile tu. Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga, sote tunapimia hilo. Niliandika kila Jumamosi, siku yetu ya posho, mvua inyeshe isinyeshe, hata Jumamosi tuliyomzika mume wangu. Kurasa niliwapa watu wanaopanda ndege, wampelekee.

Siku zile katika Zaire yetu kila kitu kilikuwa kinapanda: sabuni, chumvi, mafuta ya taa. Ukipandisha bei ya mchele, wateja wanakutukana na kwenda zao. Basi tukajifunza kupiga kitako cha kopo kwa jiwe. Kinaingia ndani kidogo, mchele unapungua, bei inabaki pale pale. Ikipita miezi, jiwe tena. Lilikuwa soko zima, kuanzia Hawa jirani yangu wa meza mpaka wale wanaotoka Kibombo na treni.

Mwaka wa tatu Bulaimu akaniandikia: "Yaya, kila mahali bei zinapanda, Kindu hazipandi. Iko nini?" Barua ile niliikalia siku mbili. Marehemu baba yetu alisomesha Kurani, na mtu anayepunja kipimo alikuwa hamtaji bila kutema mate. Nimwandikie mtoto wa baba yule kwamba yaya yake anapunja? Niliona haya. Nikajibu: "Njo bei ya soko."

Akaniamini. Akaandika kurasa mia mbili juu ya utulivu wa bei ya mchele wa Kindu. Profesa wake akafurahi, siku ya kuitetea kazi yake ikapangwa. Mwezi mmoja kabla, akaja kutusalimia, akapita mezani kwangu asubuhi, jiwe nikiwa nalo mkononi.

"Yaya, unafanya nini?"

"Tunapigaka."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Nyumbani nilikuwa na kopo la mwaka ule wa kwanza, halijapigwa, tunachotea maji. Akalikausha, akalijaza mchele, akaumimina katika kopo la sasa. Likajaa upesi, na mchele uliobaki, karibu nusu, ukamwagikia mkekani. Akaanza kuokota punje mojamoja.

Nikamwomba anyamaze. "Kule Kinshasa nani anajua makopo yetu?"

"Mimi najua," akasema.

Akarudi, akamweleza profesa wake. Profesa akamwambia arekebishe tarakimu, atapewa siku nyingine. Arekebishe kwa kutumia nini? Hakuna aliyepima kitako kiliingia kiasi gani, mwezi huu na mwezi ule. Wa kupima nilikuwa mimi.

Alirudi Kindu bila udaktari, karatasi zake ndani ya katoni. Sasa anafundisha hesabu sekondari, mshahara ukija. Watu wanamwita docteur, yaani daktari, naye anaitikia kwa kichwa tu. Mimi hajanigombeza hata siku moja, na hilo ndilo linaloniua. Angenitukana ningepata usingizi.

Jumamosi iliyopita alikuja kununua mchele. Nikamwambia mwenyewe, bila kuulizwa: "Kitako nimekipiga tena jana."

"Aksanti, yaya," akasema, akafungua mfuko wake nimmiminie. Kalamu yake ilikuwa kifuani, kwenye shati. Hakuigusa.